Nyangwe: soko la Lualaba na swali la mtoto wa Alunguli

KINDU – Swali lilitoka benchi la nyuma, katika darasa la sita la shule moja ya msingi ng'ambo ya mto, komini ya Alunguli. Mwalimu alikuwa amemaliza kuandika ubaoni mistari minne tu, kama programu inavyotaka: Nyangwe, Kasongo, Tippu Tip, vita ya 1892 hadi 1894. Akapangusa chaki mikononi, akauliza kama wote wameelewa. Msichana mmoja akanyanyua mkono.

"Mwalimu, sisi tulikuwa upande gani?"

Wenzake wakacheka. Mwalimu hakucheka. Daftari lake la mahudhurio lina majina ya Kiislamu, ya Kikristo na ya mababu wa Kikusu, Kigenya na Kirega, na mara nyingine yote hayo yanakutana kwa mtoto mmoja. Angemjibu nini? Akasema, "Tutaona kesho." Hiyo kesho ilichukua wiki mbili.

Ukiwauliza wakaaji wengi wa Kindu Nyangwe iko wapi, watakuonyesha kwa kidevu upande wa kusini, basi. Wanajua jina, wanajua ni "kule kwa zamani", lakini waliofika ni wachache, isipokuwa wenye ndugu huko au wafanyabiashara wa mchele na mafuta ya mawese. Kijiji kiko kwenye ukingo wa kulia wa Lualaba, katika teritwari ya Kasongo, karibu na nyuzi 4 na robo kusini ya ikweta. Kutoka Kindu, kama ungeruka kama ndege, ni kilomita 140 hivi. Kwa miguu na baiskeli ni habari nyingine, na katika masika ni habari nyingine tena.

Mto wenyewe haukupeleki moja kwa moja. Lualaba inatoka Katanga, inabanwa na mawe pale Kongolo, kisha inapanuka na kwenda polepole kaskazini. Kati ya Kasongo na Kibombo mashua inapita vizuri. Chini ya Kibombo maporomoko yanaanza tena, na ni hapa Kindu tu ambapo mto unatulia na kukubali meli mpaka Ubundu. Kwa hiyo maji anayochota mama wa Alunguli asubuhi yamepita Nyangwe kwanza, lakini mama mwenyewe hawezi kupanda mtumbwi Kindu akashukia Nyangwe. Ni maporomoko hayo yaliyoleta reli, na ni reli iliyoleta mji wetu. Hilo tutalirudia.

Mwalimu alianza kwa kutafuta vitabu. Alivyovipata vimeandikwa na wageni waliopita, na kila mmoja anaisifu Nyangwe kwa namna yake. Stanley, aliyefika mwaka 1876, anaieleza kuwa sehemu mbili zilizojengwa juu ya ukingo mrefu, na katikati yake bonde pana linalofaa kulimwa mpunga. Wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, walikuwa wamekaa pale tangu miaka ya 1860. Walileta bunduki, shanga na nguo. Waliondoa pembe za ndovu, na waliondoa watu.

Lakini kabla ya wao, na wakati wao, Nyangwe ilikuwa soko. Ni jambo ambalo mistari minne ya ubaoni hailisemi. Kila baada ya siku chache, kwa zamu na masoko mengine ya jirani, watu walikusanyika pale kwa maelfu, na walio wengi walikuwa wanawake. Wagenya walileta samaki na vyungu kwa mitumbwi kutoka ukingo wa kushoto. Watu wa ndani walileta unga wa muhogo, mawese, chumvi, kuku, mbuzi, nguo za nyuzi za mtende. David Livingstone, aliyefika hapo mwisho wa Machi 1871, alikuwa anatoka kwenda kuwatazama tu, siku ya soko baada ya siku ya soko. Anaandika jinsi wanavyobishana bei, wanavyoapa, wanavyocheka. Mtu wa Kindu akisoma hayo anaona soko letu la leo, ila bila simu.

Livingstone hakuja kwa ajili ya soko. Alitaka kujua kama Lualaba ni Nile. Ili kujua, alihitaji mitumbwi, na mitumbwi ilikuwa ya Wagenya, na Wagenya walikataa kumuuzia. Alikaa miezi zaidi ya mitatu akiomba. Vitabu vingi vya Ulaya vinasimulia jambo hili kama bahati mbaya ya msafiri. Ukilitazama kutoka ukingo wa kushoto, wavuvi wale walikuwa na akili timamu: walikuwa wameona wageni wenye bunduki wakivuka kwenda ng'ambo, na waliona walivyorudi na watu waliofungwa kamba. Mwenye mtumbwi ndiye aliyeamua nani avuke. Kwa nini autoe?

Tarehe 15 Julai 1871 ilikuwa siku ya soko, na jua lilikuwa kali. Livingstone anakadiria kuwa waliokuja siku hiyo walikuwa 1,500 hivi, pungufu kuliko kawaida, kwa sababu ng'ambo vijiji vilikuwa vinaungua tangu asubuhi. Aliona watu watatu wa mfanyabiashara Dugumbe wameingia sokoni na bunduki. Akashangaa, maana si desturi, akadhani ni ugeni wao tu. Mmoja wao akaanza kubishana juu ya kuku. Kisha risasi zikalia katikati ya watu, na nyingine zikalia kutoka kwenye hori ambako mitumbwi ilikuwa imeegeshwa.

Wanawake walikimbilia mitumbwi. Ilikuwa zaidi ya 50 imebanana katika mdomo mwembamba wa hori, na hakuna aliyeweza kuitoa. Basi wakajitupa majini. Wengi walijaribu kuogelea kuelekea kisiwa kilicho mbali, wakikatisha mkondo, na Livingstone aliona mstari mrefu wa vichwa juu ya maji ukipungua kimoja kimoja. Mitumbwi mitatu iliyosimama kuwaokoa wenzao ilijaa mpaka ikazama. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Ng'ambo, watu wa Tagamoio waliendelea kuchoma vijiji. Livingstone aliviona vijiji hivyo vikiungua.

Mwalimu aliposoma hapo alifunga kitabu, akaenda kusimama kizingitini. Alikulia kando ya mto huu. Anajua mkondo wa Lualaba unavyomvuta mtu mzima mwenye nguvu, na anajua kuogelea na kitambaa kimefungwa kiunoni ni nini.

Sababu iliyotolewa ya mauaji yale inastahili kusomwa mara mbili. Walisema walitaka kumwadhibu mtu mmoja aliyeitwa Manilla, kwa kuwa alithubutu kufanya undugu wa damu na machifu wa ng'ambo, heshima ambayo wakubwa waliitaka iwe yao. Manilla huyo alikuwa mtumwa. Mtumwa wa mfanyabiashara, ambaye naye alikuwa amechoma vijiji vya wengine. Hapo ndipo mwalimu alipoanza kuona kwamba swali la mtoto lilikuwa gumu kuliko lilivyosikika.

Livingstone aliondoka siku chache baadaye, bila mtumbwi, akarudi Ujiji, na huko ndiko Stanley alikomkuta. Barua zake kuhusu Nyangwe zilifika London mwaka 1872 na ziliwasha hasira. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Kwa hiyo soko la samaki la Maniema lilisaidia kufunga soko la watu la Zanzibar. Hesabu hiyo haikuwarudisha waliozama, wala haikusimamisha biashara huku kwetu. Iliendelea miaka 20 zaidi.

Kuna jambo jingine dogo kuhusu barua na shajara hizo. Pale Nyangwe Livingstone aliishiwa karatasi na wino, akaandika juu ya magazeti ya zamani kwa rangi ya mbegu za mmea wa hapo hapo. Rangi ilififia, na kwa miaka 140 hakuna aliyeweza kusoma kurasa zile vizuri, mpaka mwaka 2011 wataalamu walipozipiga picha kwa mianga ya aina mbalimbali. Maandishi ya kwanza yalionekana kuwa na mashaka mengi kuliko kitabu kilichochapwa mwaka 1874, na watu wa msafara wake mwenyewe wanatajwa vibaya zaidi kuliko kitabuni. Hata shahidi mkuu alipanga upya alichokiona.

Mwaka 1874 akaja Cameron, Mwingereza mwingine. Yeye alipima. Akaona Nyangwe iko chini kuliko Gondokoro, ambako Nile inapita, na maji ya Lualaba yanazidi yale ya Nile kule mara tano na zaidi. Maji hayapandi mlima. Lualaba haiwezi kuwa Nile. Naye alinyimwa mitumbwi. Stanley ndiye aliyepita, Novemba 1876, akiwa na Tippu Tip na watu wake wenye bunduki kwa mwanzo wa safari, na Agosti 1877 akatokea Boma karibu na bahari. Tangu hapo siri ya mto ilikwisha, na mfalme wa Wabelgiji akaanza kuutazama.

Tippu Tip mwenyewe, kwa jina kamili Hamed bin Muhammed el Murjebi, alizaliwa Zanzibar, alitawala kutoka Kasongo, na mwaka 1887 Leopold wa pili alimfanya gavana wa maporomoko ya Kisangani. Maisha yake aliyasimulia kwa Kiswahili, na alikufa kitandani kwake Zanzibar mwaka 1905. Vita haikumkuta. Ilimkuta mwanawe, Sefu.

Katika vita hiyo, jeshi la Dhanis lilichukua Nyangwe tarehe 4 Machi 1893 na Kasongo tarehe 22 Aprili. Daktari Hinde, Mwingereza aliyefuatana na Dhanis, aliandika kwamba Nyangwe ilikuwa mji wa watu wapatao 30,000, na baada ya majuma machache ilibaki nyumba moja yenye ngome na kambi ya askari kuizunguka. Hata kama alizidisha hesabu, mji uliungua kweli.

Na nani aliuchukua? Maafisa weupe walikuwa wachache. Walio wengi walikuwa watu wa Ngongo Leteta. Huyu, inavyosimuliwa, alishikwa utumwa akiwa mtoto, akakua akawa mkuu wa vita wa Tippu Tip, akakamata watu wengi kuliko waliomkamata yeye, mwaka 1892 akageuka upande wa Wabelgiji, na Septemba 1893 maafisa wa serikali ile ile wakampiga risasi pale Ngandu. Mwalimu aliliandika jina lake kwenye daftari, na pembeni yake akaandika: "Upande gani?"

Baada ya hapo Nyangwe haikuinuka tena. Reli ya kampuni ya CFL ilipita ukingo wa kushoto, kilomita 355 kutoka Kindu mpaka Kongolo, ikamalizika mwishoni mwa 1910. Kindu ikapewa hata jina la mwenye mtaji, ikaitwa Port-Empain. Mizigo iliyokuwa ikishuka Nyangwe na Kasongo ikaanza kushuka kwetu. Mji mmoja ulikua, mwingine ukarudi kuwa kijiji cha wavuvi na wakulima, kama kilivyokuwa kabla, isipokuwa vitu viwili vilivyobaki na kusambaa mpaka Kindu: mpunga na Kiswahili. Sahani ya wali na sombe mezani kwetu ilipitia kule. Maneno tunayogombania bei sokoni yalipitia kule pia. Wazee wanaita lugha hiyo Kingwana, ya wangwana, watu huru. Na wengi wa waliojifunza kuisema kwanza hawakuwa huru.

Vitabu vilipokwisha, mwalimu alikwenda kwa tate wake, mama mzaa baba, mtaa wa Mikelenge. Alivuka mto Jumapili, akampelekea sukari na sabuni. Tate amepita miaka 80, macho yamechoka lakini masikio bado. Alizaliwa upande wa Kasongo. Mwalimu hakuwahi kumwuliza habari hizi, kwa sababu nyumbani ilijulikana kwamba jibu ni moja: sisi ni wangwana, watu wa msikiti, watu wa zamani.

"Unatafuta nini kule, mutoto wangu?"

"Watoto wananiuliza, tate. Tulikuwa upande gani?"

Akakaa kimya muda mrefu, mpaka mwalimu akadhani amesinzia.

"Baba yangu alikuwa anasema tuko wangwana," akasema. "Kila mara wageni wakikuja, anasema. Mama yake anakuwa pale pale, anapepeta muchele. Hasemi kitu."

Kisha, kidogo kidogo, akasema mengine. Kwamba yule mama mpepeta mchele aliletwa kutoka ng'ambo akiwa mtoto, wakati wa vita. Kwamba alilelewa katika ua wa mngwana mmoja, akala chakula chao, akafundishwa sala, na alipokua akaolewa na kijana wa ua ule ule. Jina la ukoo ambalo mwalimu analiandika kwenye daftari lake kila mwaka wa shule ni jina la ua ule. Jina la kule alikotoka, yule mama hakulisema kwa mtu.

"Pengine alisahau, tate. Alikuwa mtoto."

"Hakusahau. Siku ya soko hakukubali kukaa karibu na maji. Anauzisha mchele wake huku juu, mbali. Tukimwuliza, anasema mama yake alimukataza."

Mama yake. Mwalimu akapiga hesabu kichwani: mwanamke wa ukingo wa kushoto, mwenye umri wa kwenda sokoni mwaka 1871. Hakuna njia ya kujua. Wazee wanakufa na majina midomoni, na waliopiga risasi siku ile hawakuandika orodha. Kindu inakumbukwa Italia kwa ajili ya wanajeshi wa anga 13 waliouawa hapa Novemba 1961, na majina yao yote 13 yanajulikana na yanasomwa kila mwaka. Haki yao. Wa Nyangwe wanajulikana kwa tarakimu tu, tena tarakimu iliyokisiwa na wauaji.

Alipoaga, tate alimshika mkono. "Utawaambia watoto?"

"Nikiambiwa nisiseme, tate, sitasema."

"Baba yako asingependa," akasema. Kisha akaachia mkono. "Lakini amekufa. Sema."

Jumatano iliyofuata mwalimu alichora mto ubaoni, mstari mrefu kutoka chini kwenda juu. Hapo palikuwa na ubishi, kwa sababu watoto wa Alunguli wanajua mto unashuka kwenda Kisangani, na sasa kwenye ubao unapanda. Akawaeleza kaskazini ni juu ya karatasi tu. Akaweka nukta ya Kindu, na chini yake nukta ya Nyangwe, akaweka hori, kisiwa na mitumbwi. Akasimulia siku ya soko. Akasimulia Manilla na Ngongo Leteta. Mwishoni, akitazama dirishani zaidi kuliko darasani, akasimulia mwanamke aliyepepeta mchele, na akasema ni wa ukoo wake mwenyewe.

Hakuna aliyecheka safari hii. Mvulana mmoja wa mbele akasema kwao pia kuna tate asiyependa kuulizwa. Mwingine akasema baba yake anasema wao walikuwa machifu. "Inawezekana," mwalimu akajibu. "Mwulize pia mama yake baba."

Yule msichana wa benchi la nyuma alikuwa na swali jingine.

"Wale wamama walirudi sokoni?"

"Walirudi. Miaka mitatu baadaye, Cameron alikuta soko limejaa."

"Pale pale?"

"Pale pale."

"Kwa nini walirudi, mwalimu?"

Kengele ilikuwa imelia, na darasa la tano walikuwa tayari wanapiga kelele uani. Mwalimu alikusanya chaki.

"Mama yako kesho anakwenda wapi?"

"Sokoni," akasema mtoto. "Anauza samaki."

Akafunga daftari lake, akatoka na wenzake kwenda kuchota maji ya kumwagilia bustani ya shule.